Mcheza Baleti Aingiapo Sinema

Mtu akiutumia ujana wake wote kujifunza kazi moja, akaijua mpaka ikawa kama pumzi yake, kisha siku moja akaiacha na kushika nyingine, tumwiteje? Tumwite mwenye tamaa, au tumwite mwenye busara? Je, kazi aliyoiacha ina dai juu yake? Na kazi aliyoikimbilia, inawiwa naye kitu? Maswali haya yaweza kuulizwa juu ya seremala aliyegeuka kuwa mfanyabiashara, au juu ya mwalimu aliyegeuka kuwa mwanasiasa. Mimi nimependa kuyauliza juu ya watu ambao badiliko lao limeonwa na macho ya dunia nzima, yaani wacheza baleti walioingia katika uigizaji wa sinema. Nimewachagua kwa sababu mambo yao hayafichiki. Filamu ina kumbukumbu isiyochakaa. Aliyefaulu ndani yake huonekana akifaulu, na aliyeanguka huonekana akianguka, baada ya miaka hamsini kama siku ya kwanza.

Yafaa kwanza tujue baleti ni kitu gani, maana hatuwezi kupima uzito wa mzigo ulioachwa ikiwa hatujui jinsi ulivyobebwa. Baleti ni ngoma ya jukwaani isimuliayo habari kwa mwili bila ya maneno. Ilichipuka katika majumba ya watawala wa Italia, ikahamia Ufaransa, na mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 akaanzisha mjini Paris chuo cha kifalme cha ngoma. Kutoka hapo ikaenea Urusi, Denmark, Uingereza na nchi nyingine nyingi. Katika miaka ya karibuni hata Nairobi wamekuwapo watoto wanaojifunza, wakiwamo watoto wa mitaa ya Kibera. Kila mwendo una jina lake, na jina hilo ni la Kifaransa hata kama mwalimu ni Mrusi na mwanafunzi ni Mjapani.

Aghalabu mtoto huanza akiwa na umri wa miaka minane au kumi, na wengine huanza kabla ya hapo. Kila asubuhi husimama kando ya ufito ulioshikizwa ukutani, akakunja magoti, akanyosha mguu, akainua mkono, mbele ya kioo kikubwa kisichojua kusema uongo. Hufanya hivyo leo na kesho na mwaka kesho. Wasichana hujifunza kusimama juu ya ncha za vidole, ndani ya viatu ambavyo pua zake zimefanywa ngumu kwa tabaka za nguo na gundi. Malengelenge na damu si habari ngeni kwao. Hata baada ya kupata sifa, mcheza baleti hapumziki. Bingwa wa miaka thelathini huianza siku yake kwa zoezi lile lile la mtoto wa miaka kumi. Kwa hakika hakuna cheo katika sanaa hii kimwondoleacho mtu lazima ya kuwa mwanafunzi. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa tutazame sinema. Kwa mbali sanaa hizi mbili hufanana kama ndugu. Zote mbili hutaka mwili mtiifu. Zote mbili husimulia habari za watu wasiokuwapo kana kwamba wapo. Lakini mtu akizikaribia huona tofauti kubwa. Mcheza baleti humchezea hata mtu aketiye kiti cha mwisho katika ukumbi wa watu elfu mbili. Sharti huzuni yake ionekane kutoka mbali, basi huieneza mwilini mwote mpaka ncha za vidole. Mwigizaji wa sinema huichezea kamera iliyo karibu na uso wake; ukope ukitikisika kupita kiasi, mtazamaji hunusa uongo. Mcheza baleti huianza hadithi mwanzo na kuimaliza mwisho kwa usiku mmoja, akichukuliwa na muziki kama jahazi lichukuliwavyo na upepo. Mwigizaji hupigwa picha vipande vipande bila ya mfululizo; yamkini asubuhi akaigiza mauti yake, na jioni ya siku ile ile akaigiza harusi yake. Mcheza baleti hana maneno. Mwigizaji hana budi kuwa na sauti. Mcheza baleti ameishi na kioo. Mwigizaji hupaswa kusahau kuwa anatazamwa. Basi avukaye kutoka huku kwenda kule havuki kijito. Huvuka mlango wa bahari.

Wako wasemao kwamba kuvuka huku ni kosa, na hoja zao si za kudharauliwa. Hoja yao ya kwanza ni kuwa sanaa kubwa haikubali ushirika. Wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hoja ya pili ni ya shukrani. Mcheza baleti hakujilea mwenyewe. Mwalimu alimpa miaka yake. Chuo kilimpa nafasi ambayo watoto wengine waliililia wasiipate. Pengine nchi nzima ilimlipia karo. Akiondoka, ameondoka na mali isiyokuwa yake peke yake, na mwacha asili ni mtumwa. Hoja ya tatu ni ya fedha. Baleti hutazamwa na mamia kwa usiku, sinema na mamilioni. Malipo hufuata macho. Basi, wasema, yule ahamaye huwa ameuza kitu ambacho hakikuwekwa sokoni.

Ajabu ni kwamba hoja hizi zilipata kusemwa na sinema yenyewe. Mwaka 1948 ilitolewa nchini Uingereza filamu iitwayo The Red Shoes, yaani Viatu Vyekundu, iliyotungwa na kuongozwa na Michael Powell na Emeric Pressburger. Jina lake latokana na hekaya ya Hans Christian Andersen juu ya msichana aliyevaa viatu visivyomruhusu kuacha kucheza. Katika filamu, binti mmoja mcheza baleti hutakiwa kuchagua kati ya ngoma na mume wake. Mkuu wa kundi lake haamini kuwa moyo mmoja waweza kukaa mambo mawili. Binti ashindwa kuchagua, na mwisho wake ni mauti.

Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa Moira Shearer, mzaliwa wa Scotland, mcheza baleti wa kundi la Sadler's Wells mjini London. Alipoitwa mara ya kwanza alikataa, na ikapita muda mrefu kabla hajakubali. Alijiona kuwa mcheza baleti. Sinema kwake ilikuwa barabara ya watu wengine. Baada ya filamu alirudi katika kundi lake, akacheza miaka mingine michache, na mwaka 1953 akaiaga baleti. Baadaye aliigiza jukwaani na katika filamu kadhaa. Hata hivyo, ulimwengu wamkumbuka zaidi kwa kazi ile aliyosita kuishika kuliko kwa kazi aliyoipenda. Hapa pana funzo chungu: sifa haiulizi mtu ni mlango gani angependa imwingilie.

Nimezieleza hoja za wapinzani kwa nguvu zake zote, maana si uungwana kupigana na mtu aliyefungwa mikono. Lakini naona kwamba hoja hizo zimesahau jambo moja kubwa, nalo ni mwili. Sanaa ya baleti hukaa katika mifupa, na mifupa ina kalenda yake. Katika Opera ya Paris, ambayo ni mojawapo ya nyumba kongwe za baleti duniani, mcheza ngoma hustaafu afikiapo umri wa miaka 42. Huo ni umri ambao hakimu aanza kuheshimiwa, daktari amekomaa, na mkulima angali na nguvu za shamba. Wengi huacha kabla ya hapo kwa maumivu. Je, mtu huyu aifanyie nini nusu ya maisha iliyobaki? Kumwambia asiihame sanaa ambayo yenyewe itamhama ni kama kumwambia abiria asishuke chomboni hali chombo kimekwisha kutia nanga.

Tena wako ambao chombo chao hakikutia nanga, bali kilivunjika njiani. Wahenga hao hao waliosema juu ya mshika mbili walisema pia kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Audrey Hepburn alizaliwa Brussels mwaka 1929, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Uholanzi, akijifunza baleti chini ya utawala wa Wajerumani. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 yalileta njaa kali katika nchi ile. Watu walikula hata mizizi ya maua. Baada ya vita msichana huyu alikwenda London katika shule ya Marie Rambert, akitumaini kuwa mcheza baleti mkuu. Mwalimu alimwambia ukweli mchungu. Alikuwa mrefu, na upungufu wa chakula ulikuwa umeuachia mwili wake alama. Asingefika daraja la juu kabisa. Hepburn hakukaa chini kuilaani vita, wala hakumchukia mwalimu. Aliingia katika michezo ya muziki kama mmoja wa wasichana wa safu ya nyuma, akapata nafasi ndogo ndogo katika filamu, na mwaka 1953 akaonekana katika Roman Holiday. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Oscar. Watazamaji walisifu jinsi alivyotembea, alivyoketi na alivyogeuza shingo. Wengi hawakujua kwamba walikuwa wakiisifu baleti.

Mfano wake si wa peke yake. Michelle Yeoh, mzaliwa wa Ipoh katika Malaysia, alianza baleti akiwa na miaka minne, akaenda kuisomea Uingereza, na huko akaumia mgongo. Mwaka 1985 alikuwa tayari ameshika nafasi kubwa katika filamu za mapigano za Hong Kong. Hakuwa amelelewa katika mieleka wala ngumi. Alijifunza mapigano kama mcheza ngoma ajifunzavyo hatua, akizihesabu na kuzikariri. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 60, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Charlize Theron, mzaliwa wa Benoni nchini Afrika Kusini, alikwenda New York kusoma katika shule ya baleti ya Joffrey, na goti likamkatalia. Mwaka 2004 naye alipewa tuzo hiyo hiyo kwa filamu iitwayo Monster. Nani atasema kwamba hawa waliisaliti ngoma? Ngoma ndiyo iliyowafungia mlango, nao hawakulala kizingitini.

Walakini nisimdanganye msomaji kwa kumtajia majeruhi tu, maana huruma yaweza kutufumba macho. Swali letu ni gumu zaidi kwa mtu ambaye hakuumia, wala hakuzeeka, bali aliitwa akaenda. Mtu wa namna hiyo alikuwa Leslie Caron. Alizaliwa karibu na Paris mwaka 1931, na baada ya vita alikuwa akicheza katika kundi la Roland Petit. Gene Kelly, mcheza ngoma na mwigizaji wa Marekani, alimwona jukwaani akamkumbuka. Basi binti huyu, kabla ya kutimiza miaka 20, alisafiri kwenda Hollywood akiwa na Kiingereza kidogo sana, akaigiza katika An American in Paris, filamu iliyotolewa mwaka 1951 na kupata Oscar ya filamu bora ya mwaka.

Angeweza kuridhika hapo. Alikuwa na sura, alikuwa na miguu, na watu walikuwa radhi kumtazama akicheza filamu baada ya filamu. Lakini alitambua kwamba kucheza ngoma mbele ya kamera si kuigiza, kama vile kuogelea ufuoni si kuvua samaki. Akajifunza lugha, akajifunza sauti, akashika nafasi zilizomtaka ngoma kidogo, kisha zisizomtaka ngoma kabisa. Mwaka 1962 aliigiza katika The L-Shaped Room, habari ya msichana mja mzito asiye na mume, akaaye katika chumba kibovu cha kupanga mjini London. Hapakuwa na viatu vya baleti mle, wala muziki wa kumbeba. Palikuwa na uso wa mtu na shida yake. Kwa kazi hiyo alitajwa miongoni mwa wagombea wa Oscar. Nathubutu kusema kuwa huyu aliondoka mara mbili: mara ya kwanza aliondoka Paris, na mara ya pili aliondoka katika sifa zake za zamani. Safari ya pili ndiyo ngumu.

Ili jambo hili lidhihirike, tuwatazame wanaume wawili ambao ni kama kwamba majaliwa yaliwaweka katika mizani kwa makusudi. Rudolf Nureyev na Mikhail Baryshnikov walisoma katika shule moja mjini Leningrad, mji ambao sasa waitwa tena St Petersburg, na kila mmoja kwa wakati wake alifundishwa na mwalimu yule yule, Alexander Pushkin. Wote wawili waliikimbia Urusi ya Kisovieti: Nureyev mjini Paris mwaka 1961, Baryshnikov mjini Toronto mwaka 1974. Wote wawili walikuwa nyota zilizong'aa kuliko zote katika ngoma ya wanaume. Na wote wawili waliingia katika sinema kwa nafasi kubwa mwaka mmoja, 1977.

Nureyev alipewa filamu iitwayo Valentino. Alitakiwa kuyabeba maisha mazima ya Rudolph Valentino, mwigizaji mashuhuri wa sinema za zamani zisizo na sauti, na kuyabeba kwa Kiingereza, lugha aliyoijua ukubwani. Jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa kabla watu hawajaona kama ajua kuigiza. Filamu haikupokewa vizuri. Lawama zilikuwa nyingi kuliko sifa. Baryshnikov alipewa nafasi katika The Turning Point. Hakuwa nguzo ya hadithi. Aliigiza kijana Mrusi mcheza baleti, yaani mtu aliyekuwa hatua moja tu kutoka alipokuwa amesimama mwenyewe. Alitajwa miongoni mwa wagombea wa Oscar kwa nafasi ya msaidizi. Mwaka 1985 akapiga hatua ya pili katika White Nights, akiigiza tena mcheza baleti aliyeikimbia nchi yake, lakini safari hii akibeba sehemu kubwa zaidi ya hadithi. Na wakati wote huo ngoma hakuiacha. Alizidi kucheza hata alipopita umri wa miaka 50.

Sisemi kwamba mmoja alikuwa na kiburi na mwingine alikuwa mnyenyekevu. Mioyo ya watu si yetu kuihukumu. Tena filamu ni kazi ya mikono mingi, na ikianguka si haki kumwangushia mtu mmoja. Wala Nureyev hakuaibika kwa kujaribu. Mwaka 1983 alikabidhiwa uongozi wa baleti ya Opera ya Paris, akaifanya kazi hiyo kwa sifa kubwa. Nisemalo ni hili: jina hufungua mlango, lakini haliwezi kuketi kitini badala ya mwenye jina. Apandaye ngazi kuanzia kipandio cha kwanza hukawia, lakini mguu wake hujua unakanyaga nini.

Sasa nirudi kwenye hoja ya haki, ambayo wapinzani wameigusa nusu tu. Wao wafikiri juu ya haki ya sanaa iliyoachwa. Mimi nafikiri pia juu ya haki ya watu wa sanaa inayoingiwa. Yuko kijana aliyesomea uigizaji kwa miaka mingi, akalala na njaa, akasimama katika foleni za majaribio. Nafasi aliyoitamani akapewa mcheza ngoma mashuhuri ambaye hajawahi kusema sentensi moja jukwaani. Je, hakudhulumiwa? Naona kwamba amedhulumiwa ikiwa mgeni yule amekuja na jina tu. Hakudhulumiwa ikiwa mgeni amekubali kujifunza mpaka akaistahili nafasi. Kwa hiyo bidii ya mgeni si pambo la tabia yake. Ni malipo ya deni kwa wale aliowapita mlangoni.

Na deni hilo hudaiwa pande zote mbili. Mwaka 2010 ilitolewa filamu ya Black Swan, ambamo mwigizaji Natalie Portman aliigiza mcheza baleti, akafanya mazoezi makali kwa muda mrefu, akapata Oscar. Baadaye yalizuka mabishano. Mcheza baleti wa kweli aliyecheza badala yake katika baadhi ya picha alilalamika kwamba sehemu yake haikutambuliwa inavyostahili, na watengenezaji wa filamu wakakana. Hatuna haja ya kuamua kesi hiyo. Yatutosha kuona kwa nini iliwauma wachezaji. Kwao ilikuwa kama kuambiwa kwamba kazi ya miaka 20 yaweza kupatikana kwa mwaka mmoja. Yeyote aingiaye katika nyumba ya watu na kudai kuwa ameijenga, hata kama hakusema kwa kinywa chake bali aliwaacha wengine waseme, huwanyima wajenzi ujira wao. Ukarimu wa mwenyeji hutaka ukweli wa mgeni.

Basi ni kitu gani kivukacho pamoja na mcheza baleti? Si hatua za ngoma, maana hatua hizo hazina kazi katika chumba kibovu cha London. Si jina, maana tumekwisha kuona udhaifu wake. Kivukacho ni lile jambo nililomwomba msomaji alishike: tabia ya kuwa mwanafunzi kila asubuhi. Mtu aliyekubali kurekebishwa mbele ya kioo kwa miaka kumi na mitano hakasiriki mwongozaji wa filamu amwambiapo arudie tendo lile lile mara ishirini. Amezoea kurudia. Amezoea kuambiwa kuwa bado. Amezoea kufika mapema, kuuficha uchungu, na kuungoja mwili uelewe kile ambacho akili imekwisha kuelewa. Hii ndiyo mali halisi ya chuo cha baleti, nayo haipungui ikitumiwa kwingine. Mwalimu aliyeipanda hakuibiwa. Mbegu yake imeota katika shamba la jirani.

Kwa sababu hiyo naijibu methali kwa methali. Ni kweli kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini alikuwapo Robert Helpmann, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa mcheza baleti mkuu katika kundi lile la Sadler's Wells, akaigiza Hamlet jukwaani mwaka 1944, akacheza katika The Red Shoes, na mwaka 1968 akawatisha watoto wa dunia nzima kama mkamata watoto katika Chitty Chitty Bang Bang. Hazikumponyoka, kwa kuwa kila moja aliishika kwa mkono wake. Ni kweli pia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya mcheza baleti si viatu vyake, ni utii wake kwa kazi. Akiviacha viatu na kuuchukua utii, hakuacha asili. Akiuacha utii na kuvichukua viatu, huyo ndiye mtumwa, hata kama hajatoka katika jukwaa la baleti siku moja. Na methali ipitayo zote katika jambo hili ni ile isemayo kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bingwa akubaliye kuinama tena ni bingwa mara mbili.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kuhama kutoka sanaa moja kwenda nyingine si dhambi wala si sifa. Ni safari, na safari hupimwa kwa mwendo wa msafiri. Ahamaye aulizwe mambo matatu. Kwanza, je, ameaga vizuri? Yaani, amekiri alichopewa na waliomfundisha, au amewageuzia kisogo kana kwamba alijizaa mwenyewe? Pili, je, ameingia kama mwanafunzi, au amedai heshima ya nyumba ya kwanza katika nyumba ya pili? Tatu, je, anawapa wengine haki ya kazi yao? Mwenye kuyajibu hayo kwa moyo mweupe na aende kwa amani. Asiyeweza kuyajibu abaki alipo, ingawa naogopa kuwa hata hapo alipo hana raha.

Nanyi vijana msomao kurasa hizi, wengi wenu hamtavaa viatu vya baleti wala kusimama mbele ya kamera za Hollywood. Lakini hakuna hata mmoja wenu atakayemaliza maisha yake bila ya kuhama. Mwenye mbio kuliko wote darasani atapungukiwa na mbio. Aliyekuwa wa kwanza katika hesabu atajikuta siku moja mahali ambapo hesabu haiulizwi, akizungukwa na watu wasiojua kuwa alikuwa wa kwanza. Siku hiyo cheti chake kitafungua mlango, kisha kitanyamaza. Hapo ndipo itakapojulikana alichojifunza shuleni: kama alijifunza hesabu peke yake, au alijifunza pia kujifunza. Mtu wa namna ya kwanza atakaa akisimulia habari za zamani. Mtu wa namna ya pili ataushika ufito ukutani, akunje magoti, na kuanza.